Matabaka Yaliyovimba Asubuhi ya Pasaka

Dresden, 5 Aprili 2017

Mdogo wangu Sista Rafaela,

Asifiwe Yesu Kristo. Nijibu hapo hapo ulipokaa, nitakusikia.

Nakuandikia mapema kabla wifi Madlena hajakufikia na habari aliyoitia chumvi. Mwaka huu sitakuwa nyumbani kwa mkesha wa Pasaka. Nitakuwa kazini na mashine, kuanzia Jumatano Kuu jioni mpaka Jumatatu ya Pasaka, tukipokezana zamu mimi na Detlef Naumann. Mwenzangu huyo unamkumbuka, yule asiyeamini kitu zaidi ya bia na timu yake ya mpira.

Usinune. Ngoja nikueleze, maana najua hata wewe hujawahi kuelewa sawasawa ninachofanya.

Mashine yangu ni pipa la chuma lenye ukubwa kama tangi la maziwa alilokuwa nalo baba. Hewa yote imenyonywa ndani. Humo tunapaka kipande cha silikoni tabaka juu ya tabaka, moja la metali nzito, moja jepesi, moja zito, jepesi, hivyo hivyo zaidi ya mara elfu kumi. Ukiyaweka yote pamoja hayafiki unene wa unywele wako, kama bado unazo chini ya hicho kitambaa. Tukimaliza tunakata kipande chembamba na kukigeuza ubavu, na miale ya eksirei ikipita katikati ya matabaka inapindishwa kidogo kidogo mpaka yote ikutane mahali pamoja. Kioo cha miwani hakiwezi kazi hiyo. Eksirei kali inakipita kana kwamba hakipo.

Tunaanza na matabaka membamba kuliko yote, kwa sababu ndiyo yenye kazi ngumu, na kila kosa la chini hubebwa na wote wanaokuja juu yake. Mtu hasimamishi mashine katikati akaenda kulala. Ukisimama, alama inabaki.

Sasa sikiliza kinachoninyima raha. Mwezi wa saba kamati itakaa. Daktari Gesine Harmsen wa Hamburg, ndiye anayezipima lenzi zetu kwenye ile pete yao kubwa ya miale, ametuambia bila kuzunguka: nukta ya mwanga ikiwa chini ya nanomita kumi, mashine inabaki. Isipofika, wanaifungua vipande vipande, na ukumbi unapewa watu wa vioo vya kuakisi. Nanomita kumi ni kama kuupasua unywele mmoja kwa urefu wake mara elfu nane ukachukua ujiti mmoja. Mimi nimeilea mashine hii miaka kumi na tisa. Watoto Mungu hakunipa, na marehemu mume wangu alikuwa akisema nina mmoja wa chuma.

Tumechagua wiki ya Pasaka kwa sababu ukumbi unatulia. Hakuna lori nje, hakuna anayebamiza mlango, hakuna mwingine anayevuta maji ya kupoza. Hayo maji ndiyo roho ya kazi. Yakipata joto nyuzi moja tu, matabaka yananenepa.

Jambo la mwisho. Mama ameomba maji ya Pasaka, yale yabebwayo kimya ili yaponye. Magoti yake yamevimba. Mwaka jana Madlena alimtekea, lakini njiani akasimama kusengenya na jirani. Mama akamwambia, "Haya ni maji ya porojo," akayamwaga kwa kuku. Mwaka huu nitayateka mimi, kwenye kijito kilicho nyuma ya taasisi yetu, kabla jua halijatoka, na sitafungua mdomo mpaka nivuke kizingiti chake.

Niombee. Iombee na mashine, kama kanuni zenu zinaruhusu.

Dada yako,
Worša

*

Monasterini, 10 Aprili 2017

Dada Worša,

Milele na milele, amina. Nimejibu kwa sauti mpaka Sista Klara akaruka kwenye kiti.

Sikununa. Nilikunja uso kidogo tu. Nimeuliza, na hakuna kanuni inayokataza kuombea pipa la chuma. Mama Abesi alitaka tu kujua jina lake. Nikamwambia halina jina. Akasema, "Miaka kumi na tisa halina jina? Na huyo dada yako ni Mkristo?"

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimeelewa hivi: ni kama mayai yetu, ila huna nafasi ya kufuta. Mimi hapa vidole vinanuka nta mpaka kwenye sala. Tunachora mayai ya kuuza kwa wageni, nachovya unyoya kwenye nta, naweka alama, narudisha yai kwenye rangi, alama nyingine, rangi nyingine. Mkono ukitikisika kwenye rangi ya kwanza, yai zima linasema mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba langu likiharibika naweza kulila.

Mama bado anawaambia watu kwamba unapiga picha za mifupa hospitalini. Usimsahihishe. Amepata heshima sana kanisani kwa jambo hilo, na wanawake watatu wameshamwonyesha viwiko vyao.

Kuhusu maji, dada yangu, kaza midomo. Usisahau ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ulifika nayo mpaka kwenye lango letu, ukamtukana mbwa wa jirani zetu akina Šołta. Mama hakukusemesha siku nzima. Kaka yetu Jurij mpaka leo, akiwa kwenye maandamano ya farasi ya Pasaka na koti lake jeusi na kofia ndefu, akipita kwenye lango lile hucheka peke yake, na watu wanadhani ni furaha ya Ufufuko.

Mimi nitaimba mkesha kwa ajili yako pia. Wewe endelea kupaka matabaka yako.

Mdogo wako,
Sista Rafaela

*

Dresden, 18 Aprili 2017

Lejna wangu,

Leo nakuita kwa jina lako la nyumbani, Sista Rafaela, maana Amefufuka! Na maji yamefika!

Sikutamka hata neno moja. Nakuandikia nikiwa nimejaa fahari ambayo itabidi niiungame Jumamosi, lakini acha nifurahi kwanza.

Zamu yangu ilikuwa inaisha saa kumi na mbili asubuhi ya Pasaka. Kabla kidogo, kukiwa bado giza la kijivu, niliiacha mashine ikiimba vizuri nikakimbilia kijitoni na chupa. Ni hapo nyuma tu, kwenda na kurudi ni muda wa rozari isiyofika nusu. Nilipokuwa nikiteka ndege walikuwa wameanza. Nilirudi mdomo umefungwa kama bahasha.

Nikaangalia geji ya maji ya kupoza. Ni ile ya zamani ya mshale, imetundikwa ukutani chini ya saa, wala haijaunganishwa na kompyuta. Mshale ulikuwa umesogea juu kidogo. Baadaye niligundua kwamba mtambo wa kupoza wa jengo uliwekwa kwenye mpangilio wa sikukuu, basi ukazembea. Si jambo kubwa, unafungua bomba la akiba. Lakini bomba hilo liko upande wa pili wa ukumbi, na treni yangu ilikuwa inakaribia, na Detlef huyo akaingia.

Ungemsikia na utani wake! "Krismasi njema, Mtakatifu Worša! Mbona kimya? Umemeza ulimi? Hiyo chupa ni nini, umeanza kunywa asubuhi? Afadhali, karibu chamani!" Mimi kimya. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye geji. Nikaonyesha tena. Akacheka akainua dole gumba, "Sawa mama, sawa, nimekuelewa, nenda zako." Nikaenda.

Kwenye treni kondakta aliniuliza tiketi, nikampa. Akaniuliza kama najisikia vibaya, nikatikisa kichwa. Kijijini mbwa wa akina Šołta, mjukuu wa yule, alinibwekea mpaka langoni, nami nikamtazama tu. Nikavuka kizingiti, nikaweka chupa mezani, ndipo nikasema, "Mama, haya hapa." Mama akanawa uso, akanawa magoti, akasema, "Yako baridi kweli." Halafu akalia kidogo.

Mashine ilimaliza Jumatatu jioni bila kikwazo. Koti la matabaka linang'aa kama mgongo wa njiwa. Halikubanduka, halikupasuka. Tumelikata, limekwenda Hamburg.

Worša

*

Hamburg, 12 Mei 2017

Mpendwa Bi. Kralowa,

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi na kuitia barua ndani ya sanduku hili pamoja na mabaki ya kipande, kwa sababu nataka uisome umekaa, si ukiwa umesimama kwenye skrini.

Lenzi ni safi kuliko zote mlizowahi kunipa. Matabaka membamba ya chini yamekaa vizuri ajabu. Lakini nukta haikuwa moja. Zilikuwa mbili, zimekaa ubavu kwa ubavu, kana kwamba sehemu moja ya lenzi inakusanya miale hapa na nyingine pale, na hazikubaliani. Hata kwa ukarimu siwezi kuita hiyo nanomita kumi.

Kuna mahali, kuelekea juu ya koti, unene umepotoka kutoka kwenye mpango. Nilimpigia simu Bw. Naumann. Alisema zamu zote zilikuwa shwari. Kwako pia sikusikia neno lolote. Basi nimehitimisha kwamba mashine yenyewe inateleza inapofanya kazi siku nyingi mfululizo, inapaka kwa unene unaoongezeka taratibu, na mpango wetu wa unene haukulifikiria hilo. Nimeuandika upya mpango, nikipunguza kila tabaka la juu ili kufidia.

Bado tuna nafasi moja tu kabla ya kamati: wiki ya Pentekoste. Sahani ya metali nzito iliyobaki inatosha mara moja. Tutapaka kwa mpango mpya.

Najua ulichoweka kwenye kazi hii. Mimi nimeweka miaka kumi. Nisingependa tuimalize kwa nukta mbili.

Kwa heshima,
Gesine Harmsen

*

Dresden, 15 Mei 2017

Lejna,

Nakuambatishia barua ya Daktari, uisome, kisha rudi hapa.

Umeisoma? Umeona? Mashine haitelezi, mdogo wangu! Naijua. Ni maji. Ni ile asubuhi. Nilidhani Detlef amenielewa, akafungua bomba. Hakufungua, au alichelewa, na matabaka yakavimba muda huo wote mimi nikiwa kwenye treni na chupa mapajani, nikijisifu kimoyomoyo.

Na sasa Daktari amebadilisha mpango ambao haukuwa na kosa. Akipaka Pentekoste kwa mpango huo mpya, na maji yakiwa sawa safari hii, kila tabaka la juu litakuwa jembamba kuliko inavyotakiwa. Lenzi itaharibika yote, na ndiyo ya mwisho.

Ningeweza kumwambia neno moja tu Detlef. "Maji." Herufi nne.

Nimelia, nimekula viazi na jibini na mafuta ya kitani, nimepata nguvu. Sasa nifanye nini na mama? Nikisema kilichotokea, habari itafika kijijini, na mama atajua kwamba maji yake ndiyo yaliyoharibu kazi. Lakini nikinyamaza mara ya pili, mashine inakufa. Nimeshaamua huku naandika. Kesho namwandikia Daktari.

Worša

*

Dresden, 16 Mei 2017

Mheshimiwa Daktari Harmsen,

Tafadhali usipake kwa mpango mpya. Ule wa zamani ulikuwa sahihi.

Asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, kabla ya zamu kuisha, niliiacha mashine peke yake kwa muda mfupi nikaenda kuteka maji kijitoni kwa ajili ya mama yangu. Kwetu maji hayo hubebwa kimya, ukizungumza hayana kazi. Niliporudi niliona maji ya kupoza yamepanda joto. Nilimwonyesha Bw. Naumann geji kwa kidole bila kusema. Niliamini ameelewa. Nadhani hakuelewa. Sijui yalikaa na joto muda gani, lakini baadaye yalirudi, kwa sababu jioni niliporudi kazini mshale ulikuwa mahali pake.

Sikufanya hivyo kwa kudharau kazi. Nilitaka vyote viwili vifike salama, nikakipeleka kimoja.

Sina cha kukuthibitishia zaidi ya neno langu. Lakini nimeisikiliza mashine hii miaka mingi, na haitelezi hivyo. Nakuomba kwa moyo wote, rudisha mpango wa zamani.

Worša Kralowa

*

Monasterini, 18 Mei 2017

Dada Worša,

Barua yako imefika leo, na nakujua: ulichosema utafanya kesho umeshakifanya juzi. Basi shauri langu limechelewa, lipokee kama blanketi la pili.

Umefanya vema. Kuhusu mama usiteseke. Ukimya ule ulikuwa sadaka yako kwake, na Mungu haichukui sadaka ya mtu akairudisha kama fimbo. Ila, dada, niseme na mimi kama mtu wa ndani ya ukuta ambaye maisha yake nusu ni ukimya. Hapa kwetu mtu akiona moto jikoni wakati wa kunyamaza, anapiga kelele. Sista Klara alipiga mwaka juzi, na hakuna aliyemwuliza kanuni. Kunyamaza kumewekwa ili tusikie, si ili jiko liungue.

Sijui kama Daktari wako atakuamini. Watu wenye vipimo huwa hawapendi kusikia habari za kijito. Asipokuamini mwandikie tena. Na tena. Mchoshe.

Nimeipa mashine yako jina kwenye maombi yangu, nimechoka kusema "lile pipa". Naiita Tekla. Ukiipenda, ni yako.

Sista Rafaela

*

Hamburg, 26 Mei 2017

Mpendwa Bi. Kralowa,

Barua yako ilinikasirisha, kisha ikaninyima utulivu. Nilikuwa na vipimo mkononi, na wewe ulinipa kumbukumbu ya mtu mwenye haraka ya treni. Ningeweza kuiweka pembeni.

Lakini kuna njia ya kuamua kati yetu. Kama mashine inateleza yenyewe, unene ungeendelea kupotoka mpaka tabaka la mwisho. Kama ni maji, kupotoka kungeanza, kungekaa kwa muda, kisha kungekwisha. Jambo hili ningelitazama mwanzoni kabla ya kugusa mpango, na sikulitazama. Juzi nilikata ujiti kutoka ukingoni mwa koti nikauweka chini ya hadubini ya elektroni.

Karibu na tabaka la elfu nane, matabaka yanavimba. Yanavimba matabaka mia mbili na ushei mfululizo, kisha yanarudi kwenye unene wao kamili na kubaki hivyo mpaka juu. Nimeambatisha picha. Unauona mkanda? Ni kazi ya muda wa saa tatu hivi. Yaliyo juu ya mkanda hayana kosa lolote, ila yamesukumwa yakakaa nje ya mahali pake, ndiyo maana nukta zilikuwa mbili.

Mpango wa zamani umerudi.

Sasa la pili, na halinifurahishi. Nililazimika kumpelekea mkurugenzi wenu barua yako, kwa sababu kubadilisha mpango mara mbili kunahitaji sababu. Nimemweleza kwamba bila barua hiyo tungepoteza kila kitu. Sijui atasoma sehemu ipi kwa sauti zaidi.

Gesine Harmsen

*

Dresden, 29 Mei 2017

Lejna,

Soma kwanza barua ya Daktari niliyoambatisha. Mkurugenzi alisoma sehemu ile nyingine.

Nimeondolewa kwenye mashine. "Kuacha mtambo bila mtu wakati wa kazi." Hakupaza sauti. Mpaka kamati ikae, nimewekwa chumba cha kukatia na kusaga vipande, na kwenye upako wa Pentekoste sitagusa swichi. Nilimwuliza kama naweza kukaa nyuma ya kioo tu, mikono mapajani. Akasema hapana. Nikamwambia, "Basi nipe siku hizi zilizobaki nimfundishe Detlef kila ninachokijua." Akanitazama. Akasema, "Hilo sawa."

Na Detlef! Alikuja kwangu chumba cha kusagia uso umemwiva.

"Mtakatifu Worša! Umekwenda kuungama mpaka Hamburg wakati kanisa liko mtaani kwako?"

"Na wewe ulimwambia Daktari kulikuwa shwari."

"Kulikuwa shwari! Nilipofungua bomba kulikuwa shwari!"

"Ulifungua saa ngapi?"

Akavuta kigoda akakaa.

"Saa tatu. Nilipoinuka kutengeneza kahawa ndipo nikaona mshale."

"Detlef, nilikuonyesha! Mara mbili!"

"Ulinionyesha saa, mama! Geji iko chini ya saa! Nilichelewa dakika chache, nikasema huyu hata Pasaka ananihesabia dakika, hana hata haya, ananinyooshea kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikakuinulia dole gumba ili unitoke."

Lejna, nilitaka kumpiga na kitambaa cha kung'arishia. Badala yake nilicheka, naye akacheka, mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kutazama.

Akasema, "Nilipofungua bomba niliona bora ninyamaze. Nilidhani ni kitu kidogo."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo."

"Ila wewe ulikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza."

"Sababu nzuri kwa mama," nikamwambia. "Si kwa mashine."

Tangu siku hiyo ananiletea kahawa na kuuliza maswali. Namfundisha sauti ya pampu inavyobadilika gesi ya argoni, ile kidogo tunayoiingiza ndani ya pipa, ikizidi. Namfundisha kuweka kiganja kwenye ukuta wa pipa. Ana mkono mzuri, yule mpagani, nilikuwa namwonea tu.

Sina hasira na mkurugenzi. Angekuwa mtu mwingine ameiacha, ningemtoa mimi mwenyewe kwa sikio.

Mama ameshajua. Madlena amemwambia, akaongeza kwamba nimefukuzwa kazi na nimeshtakiwa. Nimempigia simu mama mara mbili, anasema tu "haya, haya" na kumpa simu Jurij.

Worša

*

Dresden, 7 Juni 2017

Lejna wangu,

Neno fupi, mikono imechoka.

Upako wa Pentekoste umekwisha jana. Sikuwepo ukumbini, nilikuwa nyumbani kwangu na simu mezani, kwa sababu Detlef alibuni utaratibu wake mwenyewe. Kila saa ya zamu yake alinipigia na kusoma geji kwa sauti: "Nyuzi kumi na nane, haijasogea! Nimesema kwa mdomo, umesikia kwa masikio, hakuna kidole hapa!" Fundi wa Hamburg waliyemleta kushika zamu nyingine alidhani mimi na Detlef tumechanganyikiwa akili, lakini siku ya pili na yeye akawa anapiga. Mara moja nilikuwa misa ya Pentekoste, simu ikalia wakati wa mahubiri. Paroko akanitazama. Nikatoka nje, nikasikia "Kumi na nane!", nikarudi kukaa. Nitamweleza siku moja.

Leo wameniletea koti jipya kwenye chumba changu cha kukatia. Ni mimi ninayelikata. Mkurugenzi hakukataza hilo, labda alisahau, labda hakusahau. Naligusa kwa hofu kama mtoto wa mtu. Lazima nikate vipande viwili, kimoja cha kukusanya miale kulia na kushoto, kingine juu na chini, na kila kimoja nikisage mpaka kiwe chembamba kuliko karatasi ya sigara bila matabaka kufunguka. Nasaga kidogo, natazama, nasaga kidogo. Sizungumzi na mtu, lakini mlango nimeuacha wazi.

Mwambie Mama Abesi pipa lina jina sasa. Detlef amelibandika kwa karatasi kwenye pipa: TEKLA. Ameuliza ni mtakatifu wa nini. Nimemwambia wa watu wasiosikia la kuambiwa.

Mama bado kimya.

Worša

*

Hamburg, 30 Juni 2017

Mpendwa Bi. Kralowa,

Nimesubiri mpaka tumepima mara tano, ili nisikuandikie kwa furaha ya mara ya kwanza.

Nukta ni moja. Nanomita nane na nusu kwa upana, tisa kwa urefu. Hakuna kivuli pembeni.

Usiku ule ule nilimpigia mwenyekiti wa kamati nikamwamsha. Watakaa mwezi wa saba kama ilivyopangwa, lakini amesema kinachobaki ni kutia saini. Mashine haifunguliwi. Nimemwomba mkurugenzi wenu jambo moja kwa maandishi: kwamba lenzi itakayofuata, ambayo nataka iwe nene mara mbili ya hii, ipakwe na Bw. Naumann na wewe, wote wawili. Amejibu kwamba atalifikiria baada ya likizo za kiangazi. Kwake hilo ni jibu refu.

Mtu asiguse hata skrubu moja kabla sijafika.

Gesine Harmsen

*

Kijijini, 3 Julai 2017

Sista Rafaela, mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye meza ya mama, na huku anachambua maharagwe na kujifanya hanitazami.

Nilikuja na barua ya Daktari mfukoni. Sikutaka kuanza na hiyo. Nilikaa, nikachukua bakuli, nikachambua naye. Halafu mama akasema bila kuinua kichwa:

"Kwa nini hukufungua mdomo?"

"Uliniomba maji, mama."

"Niliomba maji. Sikuomba uharibu kazi ya watu. Ungesema! Ningenawa na ya bomba!"

"Ungeyamwagia kuku."

"Ningeyamwagia kuku," akakubali. "Kisha ningenawa na ya bomba." Akatupa ganda. "Nimekaa zaidi ya mwezi nikifikiri magoti yangu yamemfukuzisha mtoto wangu kazi."

Ndiyo maana alikuwa kimya, Lejna. Mimi nilidhani amenikasirikia.

Nikamwambia sikufukuzwa. Nikamsomea barua ya Daktari yote. Alisikiliza, mikono imesimama kwenye maharagwe. Nilipomaliza akauliza picha za mifupa ya nani zitapigwa kwa hiyo lenzi. Samahani, nilimsahihisha. Nilimwambia, mama, si mifupa. Ni vitu vidogo kuliko vidudu, vidogo kuliko vumbi, watu wataona ndani ya punje ya betri jinsi inavyochoka, ndani ya chembe ya jani. Lakini sisi wenyewe tulichotengeneza ni mahali pa mwanga kukutana. Ni nukta tu.

"Kubwa kiasi gani?"

"Haionekani."

Akanitazama sasa, kwa yale macho yake.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "kwa nukta isiyoonekana."

"Ndiyo, mama."

"Na wanataka nyingine?"

"Nene mara mbili. Ngumu mara kumi."

Akanisogezea rundo lingine la maharagwe, akainuka kwa magoti yake yale yale kwenda kuwasha jiko.

"Basi usinikawize hapa," akasema. "Kula, upate treni ya jioni."

Worša